Udhuru wa Namkunda

Pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ililia Jumatano asubuhi, ukungu ukiwa bado haujatoka kwenye migomba, na watu wa Suji wakapanda kwenye ndiva na majembe na ndoo zao. Ndiva ni bwawa letu la mawe na udongo. Usiku linakusanya maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa, na mifereji inayagawa shamba kwa shamba. Mwaka huo ukuta wake ulikuwa umebomoka upande mmoja na kiangazi kilikuwa kinakaribia. Kwetu, asiyekuja msaragambo bila udhuru, watu wanakwenda kwake wanachukua chombo kimoja cha ndani, kinawekwa kwa mwenyekiti mpaka mwenyewe abebe ndoo ishirini za mchanga kutoka mtoni. Ndiyo sheria, na sijasikia mtu akiilalamikia isipokuwa aliyechukuliwa chombo.

Katibu wa ndiva alikuwa Zephania, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri na daftari lililofunikwa kwa gazeti. Ndiye aliyepanga zamu za maji, ndiye aliyeita majina. Alisimama juu ya jiwe akaita moja baada ya jingine, watu wakaitika, mpaka akafika kwa mke wake.

"Namkunda."

Hakuna aliyeitika. Ilikuwa mara ya tatu mfululizo, na miaka ya nyuma pia alikosa hapa na pale. Mara zote zilizotangulia Mzee Zebedayo, mwenyekiti, alilipitisha jina lile kimyakimya kwa kumstahi katibu wake. Safari hii alisubiri kidogo, kisha akauliza kama taratibu zinavyotaka, je, ana udhuru?

Zephania angeweza kusema mke wangu anaumwa, yakaisha. Lakini hakuamini kwamba anaumwa, na nyuma aliwaona wanawake wawili wakinong'onezana huku wakimtupia jicho.

"Hana udhuru," alisema. "Nendeni mkachukue chombo. Kwangu ni sawa na kwa mtu mwingine yeyote."

Watu walimsifu siku ile. Walisema huyu ndiye katibu, hana upendeleo, na mimi mwenyewe ningekuwepo huenda ningemsifu. Zephania aliwasikia, akafurahi moyoni, akaendelea na jina lililofuata.

Waliotumwa walimkuta Namkunda ameketi juani nyuma ya jiko, amevaa sweta la mumewe na kitenge juu yake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Rangi yake ilikuwa imepauka, kope zimevimba, nyusi zimepukutika kwa pembeni, na maharage aliyokuwa anachambua aliyaokota moja moja kama mtu anayeyahesabu. Walimsalimia kwa aibu, wakamweleza kilichowaleta. Ilimchukua muda kuelewa. Hakubisha. Aliwaambia sufuria kubwa ipo kichanjani, waichukue wenyewe, kwa maana kuinuka kwake ni kazi.

Sufuria ile alipewa na mama yake siku alipotoka Bombo kuja kuolewa. Alikuwa na ndogo mbili ambazo angeweza kuzitoa, lakini ile ndiyo waliyoiona, na kubishana kunataka nguvu. Binti yake wa miaka minne, Kijwa, aliwafuata hadi njiani akiwauliza makande yatapikiwa wapi.

Mama mkwe, Bibi Nakijwa, ambaye mtoto alirithi jina lake, aliyaona yote akiwa mlangoni. Alikuwa mama wa kazi hasa. Aliwahi kubeba mawe ya ndiva akiwa na mimba ya miezi minane, na alipenda watu walijue hilo. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba katika nyumba hii, tangu ijengwe, hakijawahi kutolewa chombo.

"Nasikia baridi, mama," Namkunda alijibu.

Kauli hiyo waliizoea. Alikuwa anaisema tangu amzae Kijwa, na Suji nani hasikii baridi? Mumewe mara ya kwanza alimpa sweta lake, mara ya pili akamwambia asogee jikoni, baada ya hapo akawa hamjibu. Namkunda alilala mpaka jua limepanda, ndege na kuku wakiwa wameshaamka zamani. Aliacha sentensi katikati. Palizi iliyomchukua siku mbili zamani sasa ilimaliza wiki. Kijwa hakuwahi kunyonya. Maziwa hayakutoka hata tone, pamoja na supu na uji wote ambao wanawake wa ukoo walimlazimisha anywe, na mtoto akalelewa kwa maziwa ya mbuzi. Waliomletea supu waliondoka wamekereka, kana kwamba aliwanyima kitu.

Na kulikuwa na suala la jina. Mtoto wa kwanza wa kike amechukua jina la bibi. Wa kiume angechukua la babu, marehemu Abednego, na jina la Abednego lilikuwa linasubiri mwaka wa nne sasa. Bibi Nakijwa alianza kwa kuomba kanisani. Baadaye akaanza kumuuliza mwanawe kama anaijua ile sindano ya uzazi wa mpango, ambayo mwanamke anaweza kuchomwa zahanati asubuhi na mume akala chakula cha mchana bila kujua lolote.

Zephania alikuwa mtu wa daftari, akitaka jambo liwe limeandikwa mahali. Basi alikwenda zahanati. Muuguzi, Sista Mwanaasha, mwenyeji wa Same mjini, alikuwa anapima watoto uzito na foleni ilifika nje. Zephania alimwita pembeni, akamuuliza moja kwa moja kama mke wake anachomwa sindano.

"Baba Kijwa, habari za mgonjwa siwezi kumpa mtu mwingine," Mwanaasha alimwambia. "Njoo naye, tukae wote watatu tuongee."

"Kwa hiyo anachomwa."

"Sijasema hivyo."

"Na hujasema hapana."

Akaondoka. Kwa akili yake, asiye na la kuficha hufungua daftari, kama yeye anavyofungua la ndiva mtu yeyote akitaka kuona zamu yake. Mwanaasha alijua kwamba jina la Namkunda halimo kwenye rejesta yake ya uzazi wa mpango, halijawahi kuwemo. Aliwaza kumwita Zephania arudi amwambie, lakini sheria za kazi yake haziruhusu, na mtoto mizanini alikuwa analia. Alijiambia atamwona Namkunda mwenyewe Jumatatu. Jumatatu kulikuwa na chanjo.

Nyumbani Zephania alimuuliza mkewe anaficha nini.

"Sifichi kitu," Namkunda alisema. Alitafuta maneno kwa muda. "Siku zangu hazijarudi tangu nimzae Kijwa. Nilidhani unajua."

"Najua. Ndivyo sindano inavyofanya."

Mungu amsamehe, hapo hakuwa anadanganya. Sindano ile kweli huweza kusimamisha siku za mwanamke. Aliwahi kusikia hivyo redioni, akaliweka akilini, na sasa mkewe mwenyewe alikuwa amemletea ushahidi mkononi. Namkunda alijivuta kitandani akalala. Alikuwa amechoka.

Mama na mwana wakakubaliana. Maharage yakishavunwa, Namkunda apelekwe kwao Bombo akapumzike. Kila mtu huku kwetu anajua maana ya kupumzika kwa namna hiyo. Bibi Nakijwa akaongeza jambo moja, kwamba sufuria ikombolewe kwanza, isije ikasemwa Bombo kwamba wamebaki na chombo cha watu.

Wiki ya mavuno Namkunda aliharisha na kutapika siku mbili. Jumatano pembe ilipolia alikuwa amejikunja kitandani na homa. Zephania alisimama mlangoni na daftari kwapani. Alimwambia kwamba watu wa Bombo wanakuja kumchukua Jumapili, na ndoo ishirini hazitajibeba. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake zamu yake, na hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye, kwamba wala hakuwa na hasira.

Namkunda aliinuka. Alishika ukuta, akafunga kitenge, akaenda mtoni. Ndoo ya kwanza aliifikisha. Ya pili alipumzika mara mbili njiani. Ya tatu wanawake walimpisha kwenye njia nyembamba bila kumsemesha, kwa sababu habari ya sindano ilishawafikia wote. Ya nne aliitua katikati ya mteremko akakaa chini.

Zephania alikuwa juu ya ukuta wa ndiva, mbele ya kijiji kizima. "Namkunda, inuka," aliita. "Watu wanakutazama."

"Nakuja," alisema mkewe kwa sauti ndogo, akalala ubavu juu ya majani.

Kwa dakika nzima hakuna aliyesogea. Walidhani amesusa. Mzee Zebedayo ndiye aliyeshuka kwanza, akaweka fimbo chini, akamgusa shingoni, akakuta ngozi ni baridi kuliko ule mchanga wa mtoni. Akawaambia waache mawe, watafute gari.

Walimteremsha hadi Makanya kwa gari la kubebea tangawizi, kisha wakashika lami kwenda Same, kichwa cha Namkunda kikiwa mapajani mwa mumewe. Njia nzima Zephania alikuwa anamwita jina, na yeye anaitika mara moja kati ya tatu.

Hospitalini Same alimpokea Daktari Habibu, kijana mpole mwenye macho mekundu ya zamu ndefu. Presha ilikuwa chini mno, sukari imeshuka. Walimtundikia dripu mbili na dawa za maambukizi. Kwa mgonjwa wa kuharisha hayo yangetosha, lakini presha ilikataa kupanda. Daktari akarudi kumtazama upya. Akazitazama zile nyusi. Akamwomba muuguzi amtazame makwapa, na muuguzi akasema hayana nywele hata moja. Akatoka nje hadi koridoni alikokuwa Zephania.

"Alipojifungua, damu ilitoka nyingi?"

Ilitoka. Zephania aliikumbuka yote. Mvua, godoro lililolowa, na ile karatasi ya rufaa ambayo zahanati waliwapa saa sita mchana ili washuke Same mara moja. Mama yake alisema mimba ya kwanza haina haraka. Na siku ile ilikuwa siku ya kugawa maji, watu wakimsubiri kwenye ndiva. Akaenda kugawa maji. Gari liliondoka saa kumi jioni. Namkunda aliongezewa chupa tatu za damu na kila mtu akasema ameponea chupuchupu, Mungu ni mwema.

"Nyingi," alisema.

"Maziwa yalitoka?"

"Hata tone."

"Na hedhi, ilirudi?"

Zephania alitazama sakafu. "Aliniambia haikurudi."

"Ukafanya nini?"

"Nilidhani anachomwa sindano."

Daktari hakumkaripia. Aliingia ndani akaagiza dawa nyingine ichomwe kwenye mshipa. Saa mbili baadaye presha ilikuwa imepanda na Namkunda ameomba maji ya kunywa. Ndipo Habibu akakaa na Zephania kwenye benchi. Alimweleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo, haizidi punje ya haragwe. Tezi hiyo inamwaga kwenye damu homoni, ambazo ndizo zinazoziamsha tezi nyingine. Inaiambia ya shingoni iupe mwili joto na uchangamfu. Inaziambia zile zilizokaa juu ya figo zitoe homoni ya kumwezesha mtu kuhimili ugonjwa na shuruba. Inaviambia vifuko vya mayai vipevushe yai kila mwezi, na matiti yatoe maziwa. Wakati wa ujauzito tezi hiyo hukua na kuhitaji damu nyingi zaidi. Mama akipoteza damu nyingi kwa ghafla wakati wa kujifungua, inaweza kunyauka. Shingo iko salama, figo salama, vifuko vya mayai salama, lakini vyote havipati amri.



"Ni ndiva," Zephania alisema. "Ndiva imekauka juu. Na mimi nimeshinda miaka minne nikiligombeza shamba."

"Ndiyo," daktari alisema. "Ni hivyo hivyo."

Alimweleza pia kuhusu dawa. Watakwenda Moshi kupima homoni zenyewe ili kuwa na uhakika, lakini vidonge vinaanza sasa. Ni vya kila siku, maisha yote, na siku akipata homa lazima kipimo kiongezwe, wala asibebeshwe hata ndoo ya maji. Zephania aliuliza juu ya mtoto mwingine, akajionea haya kabla hajamaliza kuuliza. Habibu alisema zipo sindano za kuviamsha vifuko vya mayai, ziko mbali, ni kazi ndefu, na yeye hawezi kumwahidi. Kisha akasema kwamba kama angeletwa siku moja baadaye wangekuwa wanazungumzia mazishi.

Mama yake alipopiga simu kuuliza, Zephania alimweleza lote.  Bibi Nakijwa akasema, "Mimi ndiye niliyesema haina haraka." Akakata simu mwenyewe.

Wale wa Bombo hawakuja ile Jumapili. Namkunda alirudi Suji na pakiti mbili za vidonge, akawa anavimeza kila asubuhi kabla ya chai. Wiki ya kwanza aliweza kukaa bila kusinzia. Ya tatu alivua sweta. Ya sita Kijwa alikuja mbio kumwambia bibi yake kwamba mama anaimba, kwa sababu mtoto yule hakuwa amewahi kumsikia mama yake akiimba na alidhani kuna jambo. Nyumba ikachangamka. Bibi Nakijwa alimpikia, akamfulia, akamkataza kushika jembe. Zephania alikata kuni za kutosha masika mawili na kuzipanga nje ya chumba chao. Alimwomba msamaha mara tatu, na mara zote Namkunda alimjibu kwamba amesikia.

Siku moja asubuhi Namkunda alikwenda kwa Mzee Zebedayo, akamwamkia, akasema anaitaka sufuria yake. Mzee alifadhaika. Alimwambia aichukue tu, alipaswa kupelekewa siku nyingi. Namkunda alisema alibeba ndoo tatu, zimebaki kumi na saba, na hataki isemwe alipendelewa kwa kuwa ni mke wa katibu.

Alizibeba zote. Watu waliacha kazi zao wakamtazama akipanda na kushuka. Zephania alimfuata mtoni akamsihi ampokee hata moja, akakataa bila kumtazama. Ilipofika ndoo ya kumi jasho lilikuwa linamtiririka usoni, akalifuta kwa kiganja, akakitazama kile kiganja. Miaka minne hakuwa ametoka jasho. Ndoo ya kumi na saba aliimwaga, akaenda kuchukua sufuria, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, akapanga ndani yake nguo za Kijwa na vidonge vyake.

Zephania aliingia akamkuta anafunga kanga juu ya mzigo.

"Unakwenda wapi?"

"Bombo. Kupumzika."

"Namkunda, hiyo habari si tuliifuta? Nilikosa, nimekiri. Sasa umepona."

"Ndiyo maana naenda sasa," alisema. "Wakati ule naumwa, sikuwa na nguvu hata ya kukasirika. Ulikuwa unanisema, naona midomo yako inatembea, nawaza tu kulala. Sasa hasira zote za miaka minne zimenijia kwa pamoja na hazina pa kukaa humu ndani. Niliwaambia nasikia baridi. Nilikwambia siku zangu hazirudi. Ulitaka nikwambie nini kingine?"

 Zephania aliuliza atarudi lini.

"Mlipanga siku ya mimi kwenda," Namkunda alisema. "Ya kurudi hamkupanga."

Bibi Nakijwa alikuwa uani na mkungu wa ndizi alioukata kwa ajili ya safari, kwa kuwa yeye alishajua kabla ya mwanawe. Aliutua miguuni pa mkamwana wake, akamwambia, "Mwanangu, sikujua." Namkunda alimshika mikono yote miwili, akamwambia kwa heshima kwamba anajua hakujua. Kisha akaibeba sufuria kichwani, akamshika Kijwa mkono, wakashuka njia ya migombani bila kusimama njiani. Zephania aliwafuata na ule mkungu hadi barabarani, akaupakia garini, gari likaondoka.

Pembe ililia Jumatano iliyofuata. Ukuta wa ndiva ulikuwa umebakiza mita chache. Zephania alisimama juu ya jiwe lake akafungua daftari. Watu waliona kwamba hakunyoa. Aliita majina, yakaitikiwa, akafika pale, na wengi walidhani ataruka au atakuwa ameshalikata kwa kalamu. Halikuwa limekatwa.

"Namkunda."

Hakuna aliyeitika. Mzee Zebedayo alikohoa, akatazama kando. Hakutaka kuuliza, lakini taratibu ni taratibu na Zephania alikuwa anamsubiri.

"Ana udhuru?" mzee aliuliza.

"Anao," Zephania alisema. "Alikuwa nao siku zote. Mimi ndiye sikuuandika."

Aliinamisha kichwa, akafungua kurasa za nyuma hadi mwaka ule alipozaliwa Kijwa, na mbele ya kijiji kizima akaanza kuandika neno hilo kwenye kila Jumatano ambayo mke wake hakuja. Ilichukua muda. Hakuna aliyemharakisha, wala aliyemsifu. Alipomaliza alifunga daftari, akamkabidhi Mzee Zebedayo, akachukua ndoo yake akashuka mtoni kuchota mchanga.